Masikio ya Jitu

Chuoni walimwita Nukta, kifupi cha nukta-mkato, kwa sababu mwaka wake wa kwanza alisahau kuweka alama hiyo mwishoni mwa mstari mmoja wa programu, na kazi ya kikundi kizima ikagoma kuwaka mbele ya darasa. Alilia siku ile, kesho yake akacheka, na jina likamganda. Kufika mwaka wa mwisho hata walimu walilitumia, na yeye mwenyewe aliliitikia haraka kuliko jina alilopewa na wazazi wake.

Mwenzake wa mradi wa mwisho aliitwa Rangi. Huyu alikuwa mchoraji, kijana mrefu mwembamba mwenye maneno mengi, mtu wa kuingia darasani akawavunja watu mbavu kabla hajakaa. Alikuwa na mzaha kwa kila kitu: viatu vya mlinzi, feni ya maabara iliyozunguka kama inayolazimishwa, na hasa Nukta mwenyewe. "Huyu binti," alikuwa akiwaambia wenzao, "hata salamu anaziandikia masharti. Kama mtu ni mkubwa, shikamoo. Vinginevyo, mambo."

Mradi wenyewe ulikuwa kutengeneza gemu ya kompyuta, wawili wawili, mmoja achore na mwingine aandike programu. Rangi alikuja na wazo siku ileile ya kwanza, limeshaiva. Mtoto yuko ndani ya nyumba. Jitu linarudi. Mtoto hana silaha wala nguvu za ajabu. Anatakiwa atoke chumbani kwake, ashuke ngazi, afike mlango wa nyuma bila kusikika. Basi.

"Halioni?" Nukta aliuliza.

"Linaona kama mimi na wewe. Lakini likishakuona umechelewa. Kinachokuponza ni kusikika."

Nukta alilipenda wazo hilo papo hapo. Wachoraji wengine walikuwa wakileta mazimwi ya vichwa saba yanayotema moto, halafu mwandishi wa programu anabaki kuhangaika namna ya kuvigeuza vichwa vyote saba. Hapa palikuwa na jitu moja, nyumba moja, na kazi ya kuumiza kichwa: kulipatia jitu masikio.

Akaanza. Alikipa kila kitu ndani ya nyumba ile kiasi chake cha kelele. Kijiko kikianguka, sauti yake inatawanyika kama duara, na jitu likiwa ndani ya duara hilo linageuza kichwa. Ukuta unapunguza sauti, mlango uliofungwa unapunguza kidogo, mlango ulioegeshwa haupunguzi kitu. Kisha akaliandikia jitu hali zake: limetulia, limeshtuka, linatafuta, limekasirika, na sababu ya kutoka hali moja kwenda nyingine. Rangi akaongeza sharti lake: kila linapotafuta likakosa, mara inayofuata lisikie kutoka mbali zaidi.

"Hapo umewaua wachezaji," Nukta alisema.

"Si mimi," Rangi alijibu. "Ndivyo lilivyo."

Kila alipokwama, Rangi alikuwa na jibu mdomoni. Kitasa cha mlango wa chumba ukikizungusha kinalia. Ukikiinua kidogo kwanza, halafu ukakizungusha, hakilii. Ngazi ya tatu kutoka juu inalia, ikanyagwe pembeni karibu na ukuta. Mtoto avue viatu, lakini asiviache katikati ya chumba. Na kabatini asijifiche kamwe, maana kabatini ndipo pa kwanza kutafutwa.

"Wewe ulitakiwa uwe mwizi," Nukta alimwambia siku moja, huku vidole vikikimbia kwenye kibodi.

Rangi alicheka mpaka akajifuta macho. "Nimezaliwa na kipaji," alisema.

Waligombana mara moja tu. Kwa mpango wa Rangi, jitu likishatafuta chumbani likakosa, lilitakiwa kuondoka kwa vishindo, lishuke ngazi zote, mpaka mchezaji asikie mlango wa chini ukibamizwa. Halafu lirudi, bila viatu, lisimame nje ya mlango wa chumba, kimya. Wanafunzi waliokuja kujaribu gemu walinaswa pale wote. Walitoka mafichoni wakishangilia, wakafungua mlango, wakakutana nalo uso kwa uso. "Jitu lenu linadanganya!" walilalamika. Hata mwalimu wao, mwanamke wa makamo aliyetembea na miwani mbili, moja machoni na nyingine imesahauliwa kichwani, alisema mchezo wa haki humpa mchezaji dalili.

Basi mchana mmoja Nukta akaanza kukifuta kipande hicho. Rangi alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha maji.

"Acha," alisema.

"Watu wanalalamika, Rangi. Hata Mwalimu—"

"Nimesema acha. Usiguse hapo."

Haikuwa sauti yake. Nukta aligeuka, akamkuta ameshika kikombe kwa mikono miwili. Kisha sura ikabadilika, tabasamu likarudi, na Rangi akasema anakwenda kununua chaki za kuchorea ukuta maana ubongo wake umekauka. Nukta alibaki akitikisa kichwa. Wasanii, alijisemea. Akakirudisha kipande kama kilivyokuwa, ila, kwa ajili ya Mwalimu, akaongeza dalili moja ndogo: kivuli cha miguu chini ya mlango.

Rangi aliporudi alikitazama kivuli kile kwa muda mrefu.

"Ndiyo," alisema polepole. "Kivuli. Nilikuwa nimekisahau."

Siku ya maonyesho waliondoa meza za bwalo la chakula, wakazipanga ukutani na kuweka kompyuta juu yake. Nyaya zilitambaa sakafuni zimebandikwa kwa utepe ili wageni wasijikwae. Wazazi, wadogo zao, majirani na wapita njia walijaa, kila mmoja akitaka kushika kibodi. Jitu lao lilivuta watu. Asubuhi nzima watu walinaswa, wakapiga kelele, wakacheka, wakarudi tena kwenye foleni.

Mama yake Rangi alifika baada ya chakula cha mchana. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke nadhifu mwenye maneno machache, na gauni lake lilimkaa kama lilivyokusudiwa. Alimshika mkono binti yake wa mwisho, mtoto wa shule ya msingi ambaye nyumbani walimwita Kitinda. Rangi alimnyanyua mdogo wake juu, akamzungusha, akamtambulisha kwa kila mtu kama "bosi wangu". Nukta hakuwahi kumwona akiwa na furaha namna ile.

Kisha baba yake akaingia.

Rangi hakuwa amemwalika. Hilo Nukta alilijua baadaye. Alichokiona wakati ule ni mwanamume mwenye shati lililonyooka na sauti ya upole, amebeba boksi la biskuti kwa ajili ya marafiki wa mwanawe. Alikuwa mwalimu wa udereva, na nusu ya watu wazima ukumbini walikuwa wamefundishwa naye kuendesha gari. Walimwamkia kwa furaha, wakamtania, naye akawatania. Alipofika mezani alimpa Nukta mkono.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe wewe ndiye Nukta! Huyu kijana hana habari nyingine nyumbani ila zako. Nilidhani labda ni dawa ya macho."

Watu wakacheka. Nukta naye akacheka, akampenda mzee yule palepale. Aliona tu kwamba Rangi ameacha kutania, akafikiri ni wasiwasi wa kuonyesha kazi mbele ya baba.

Baba akaketi kucheza. Alinaswa kabla hajatoka chumbani. Akacheka kwa sauti, akarudia, akanaswa tena ngazini. "Nipisheni, nipisheni, hili jitu lina wivu na mimi," alisema, na duara la watazamaji likazidi kukua. Alipochoka aliinua mikono kukubali kushindwa.

"Baba, naomba nijaribu?" Kitinda aliuliza.

"Haya, mama. Waonyeshe."

Mtoto akapanda kitini. Miguu yake haikufika chini. Nukta aliinama karibu naye amweleze vitufe: hiki cha kutembea, hiki cha kunyata, hiki cha kushika kitu.

"Na cha kuinua kitasa ni kipi?"

Nukta alisita. Katika watu wote waliocheza tangu gemu ilipoanza kuwaka, hakuna aliyewahi kuuliza swali hilo. Hakuna hata mmoja aliyegundua kwamba kitasa kinaweza kuinuliwa. "Kaka yako amekuonyesha?" aliuliza akitabasamu.

"Hapana." Mtoto alikuwa anatazama skrini. "Ndivyo kinavyofunguliwa."

"Kilekile cha kushika. Ukikishikilia."

Kitinda alianza. Alimvua mtoto wa gemu viatu, akavisukuma chini ya kitanda. Akainua kitasa, akakizungusha, mlango ukafunguka kimya. Watu wakanong'ona kwa kustaajabu. Akafika ngazini. Ngazi ya tatu aliikanyaga pembeni, karibu na ukuta, bila kufikiri, kama mtu anayeruka dimbwi analolijua. Akashuka tena kidogo, na kwenye ngazi nyingine akafanya vilevile, akanyata pembeni kabisa.

Nukta alicheka. "Hiyo haina kelele, mdogo wangu. Ipite tu."

Kitinda hakuinua macho. "Hii nayo siku hizi inalia," alisema.

Nukta alikuwa bado anatabasamu maneno yale yalipomfikia. Siku hizi. Ngazi gani siku hizi? Alimgeukia Rangi amuulize. Rangi alikuwa anamtazama mdogo wake kama mtu aliyepigwa kofi na mtu asiyemtarajia. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

Kwenye skrini jitu likashtuka. Kitinda alikuwa ameshafika jikoni, akagusa sahani kwa bahati mbaya, na duara la kelele likaenda moja kwa moja mpaka sebuleni. Watu wakapiga yowe. Mtoto hakupiga. Alirudi juu upesi, akapita palepale pembeni mwa ngazi, akaingia chumbani, akaacha kabati, akajipenyeza kati ya kitanda na ukuta. Jitu likaingia. Likafungua kabati. Likatafuta, likakosa, likatoka kwa vishindo, ngazi baada ya ngazi, na chini mlango ukabamizwa.

"Toka sasa!" kijana mmoja alipaza sauti. "Toka, toka, limeondoka!"

Kitinda aliondoa mikono kwenye kibodi. Mmoja akauweka mapajani. Wa pili akauweka mdomoni, akabana na pua.

"Toka!"

"Bado," alisema chini ya kiganja. "Hajaondoka. Amevua viatu."

Chini ya mlango wa chumba, kwenye skrini, kivuli cha miguu miwili kikaingia polepole, kikasimama.

Gemu ile haikuwa na kinasa sauti. Nukta aliijua kila mstari wake. Hapakuwa na namna yoyote jitu lile lingeweza kumsikia mchezaji akipumua. Lakini mtoto aliyekaa mbele yake, kwenye kiti cha bwalo, mchana kweupe, katikati ya watu, alikuwa amejiziba mdomo na pua ili asisikike. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. Nukta aliinua macho amtafute mama yake, akamwona pembeni mwa meza. Mama naye alikuwa ameweka kiganja mdomoni, vilevile.

Nukta akarudisha macho mezani. Aliona mambo kwa vipande: waya wa spika aliokuwa ameushika, makombo ya biskuti mezani, viatu vya baba yake Rangi vilivyong'arishwa vikang'aa. Kitasa. Kabati. Nilikuwa nimekisahau. Miezi yote ile alikuwa amekaa na Rangi wakibishana jitu lisimame mlangoni kwa muda gani, apunguze kidogo, aongeze kidogo, na yeye akidhani wanaunda kitu ambacho hakipo.

Baba yake Rangi alikuwa ameacha kucheka. Alikitazama kivuli kwenye skrini. Kisha akamtazama mwanawe, mtazamo mfupi tu, mkavu, na Nukta akaona bega la Rangi likijikunja lenyewe. Halafu tabasamu likarudi usoni mwa mzee kama mtu anayevaa koti.

"Kitinda," alisema kwa upole uleule. "Shuka, mama. Tunakwenda nyumbani."

Mtoto alishuka mara moja. Kiti hakikukwaruza sakafu.

"Baba, hamwezi kuondoka." Nukta alisikia maneno hayo ndipo akatambua kuwa ni yeye anayesema. Sauti yake ilikuwa ya kitoto. "Bado... bado waamuzi hawajapita. Wanataka kuziona familia."

"Watatuona siku nyingine, mwanangu."

"Lakini ni lazima."

"Nimesema siku nyingine."

Watu walianza kutazamana. Wengi hawakuwa wameelewa kitu. Waliona tu mzaha umekatika ghafla. Rangi alikuwa amesimama kama mti. Ndipo Mwalimu, ambaye alikuwa nyuma ya duara muda wote, akavua miwani ya machoni, akaiweka kando ya ile ya kichwani, na kupita katikati ya watu.

"Mzazi," alisema kwa sauti kubwa na ya uchangamfu, ili kila mtu asikie, "kabla hujanikimbia, naomba tuonane ofisini kidogo. Ni kuhusu huyu kijana wako na kazi aliyofanya. Sina nafasi nyingine ya kukupata."

Mzee alitazama nyuso zilizomzunguka: wanafunzi wake wa zamani, majirani, wazazi wenzake. Akacheka. "Mwalimu akiita, nani atakataa? Nisubirini hapahapa," aliwaambia mkewe na bintiye. Akaondoka na Mwalimu. Mwalimu alipompita mlinzi alimgusa mkono, na mlinzi akawafuata bila kuuliza.

Nukta hakusubiri. Alimshika Kitinda mkono, akamsukuma Rangi mgongoni, na mama akafuata nyuma kama mtu anayetembea usingizini. Wakaingia stoo ya jikoni, chumba chenye magunia na masufuria makubwa, Nukta akafunga mlango. Rangi ndiye aliyeanza kusema.

"Mama. Uliniambia ameacha."

Mama yake alinyoosha mkunjo wa gauni ambao haukuwapo. "Ulikuwa na mitihani, mwanangu."

"Mitihani?"

"Ulikuwa umeanza kucheka. Ukija likizo unacheka. Nikasema, basi, angalau mmoja ametoka."

Rangi alikaa juu ya gunia. Kitinda alimwendea, akasimama kati ya miguu yake, akamfuta uso kwa mkono wa sweta lake. Nukta aligeukia ukutani. Huyu ndiye Rangi, mtu wa mizaha, mtu aliyemfahamu, alidhani, kama kiganja chake. Na yeye hakuwahi hata siku moja kumuuliza kwa nini likizo zikifika huwa wa mwisho kuondoka bwenini.

"Turudi tu," mama alisema ghafla, akijiweka sawa. "Tukikawia itakuwa vibaya zaidi. Nitaongea naye njiani. Akishakula hupoa."

"Mama, shikamoo," Nukta alisema. Ni ajabu kwamba alianza na salamu, lakini hakujua aanzeje. "Mimi ndiye niliyeliandika lile jitu. Mwanao alinieleza, mimi nikaandika. Likiingia chumbani likakosa mtu, mara inayofuata husikia kutoka mbali zaidi. Na leo limekosa mbele za watu. Tafadhali msirudi leo."

Mama alimtazama binti yule mgeni. Uso wake ulifanya kama unataka kukasirika, ukashindwa. Alitoa simu kwenye mkoba, akampa Kitinda ambonyezee namba.

"Dada," alisema simu ilipopokelewa. Upande wa pili walisikika wakiuliza nini, nini, kuna nini. "Dada, njoo unichukue. Ndiyo. Ni hilo. Ni hilohilo ulilokuwa ukiniuliza."

Mama mkubwa alifika na mumewe, gari limeingia kwa lango la magari ya mizigo. Alikuwa mwanamke mnene mwenye pumzi fupi, na hakuuliza swali hata moja. Alimkumbatia mdogo wake mpaka mkoba ukaanguka.

"Sina hata nguo," mama yake Rangi alilia begani mwake. "Nimetoka na hili nililovaa."

"Fundi cherehani mzima unalilia nguo?" dada yake alisema, naye akilia. "Panda gari, wewe."

Walipoondoka, Nukta na Rangi walibaki wamesimama kwenye vumbi la gari. Mwalimu aliwakuta hapo. Mkono wake ulikuwa unatafuta miwani kichwani, ukaikosa ingawa zote mbili zilikuwapo.

"Amekwenda," aliwaambia. "Nilimsifia mwanawe mpaka maneno yakaniishia. Mwisho akauliza wako wapi, nikamwambia wameshaondoka. Nilijua atafoka. Mlinzi alikuwa mlangoni kwa ajili hiyo." Aligeuka kulitazama lango. "Hakufoka. Alinitazama kwa upole kabisa, akaniuliza, walitumia mlango upi? Basi. Kisha akarudi bwaloni, akachukua boksi lake la biskuti, akaaga watu, akaenda zake."

Mwanamke yule aliyekuwa akiwatisha wanafunzi kwa kikohozi tu, alikaa chini kwenye ukingo wa saruji, akaomba maji.

Baadaye, wenzao wakifungua nyaya na kurudisha meza, Nukta alimuuliza Rangi kama alitaka ajue.

"Sikutaka mtu yeyote ajue," Rangi alisema. "Nilitaka nifike mlango wa nyuma. Hata mara moja. Kwetu ule mlango ulikuwa na kufuli." Alikunja waya, akaukunjua. "Nilidhani nachora kitu kilichopita, Nukta. Wallahi. Mama aliposema amekuwa mtu mwingine, niliamini. Nadhani ilinifaa kuamini. Kumbe mimi nilihama, na nyumba ikabaki vilevile. Hadi ngazi zimeongezeka zinazolia."

Nukta alirudi kwao jioni ile akiwa hana habari ya njia aliyopita. Alikaa kitandani na viatu miguuni. Baba yake, mtu wa kuimba bafuni na kuchoma mkate kila anapojaribu, aligonga mlango amuulize maonyesho yalikwendaje, na Nukta akaruka wima.

"Vipi, mwanangu?" baba aliuliza mlangoni, ameduwaa. "Ni mimi tu."

Alimwangalia mzee wake, na kwa mara ya kwanza maishani ikamjia kwamba kumfungulia baba mlango bila kufikiri ni kitu ambacho si kila mtu anacho. Alilia mpaka mama yake akaja.

Mambo hayakuisha vizuri kwa siku moja. Mama yake Rangi alikwenda kituo cha polisi akiwa na dada yake, akaandikisha maelezo, na kesi ikaanza kutambaa. Mwalimu wa udereva aliendelea kufundisha watu, na watu waliendelea kumwamkia kwa furaha. Wapo walioapa kwamba mtu mpole namna ile hawezi. Shangazi yake Rangi alifika chuoni, akasimama mlangoni mwa maabara, akasema kaka yake amevunjiwa nyumba na katuni. "Mmemharibu mtoto kwa makompyuta yenu!" alimfokea Nukta. Mara mbili mzee mwenyewe alikwenda kwa mama mkubwa, akasimama nje ya geti, hakupiga kelele, akaondoka. Mara ya tatu alikuta shemeji zake wanaume wamejaa uani, na hakurudi tena.

Mwalimu aliipa gemu yao alama za juu, kisha akawauliza wenyewe ifanyweje. Rangi alisema isionyeshwe tena mahali popote. Hakuifuta. Alisema siku moja ataweza kuifungua na kuitazama kama kazi tu, labda, lakini siku hiyo haijafika. Mizaha yake ilirudi kwa vipandevipande. Kuna wiki alikuwa yuleyule wa zamani, na kuna siku alikaa mbele ya kompyuta bila kuchora mstari, na Nukta alijifunza kumwacha, amsogezee chai, aendelee na kazi yake.

Kisha Jumamosi moja Kitinda akampigia simu Nukta kwa simu ya mama mkubwa. Hakusalimia sana.

"Dada Nukta, kaka amesema wewe ndiye unayevifanya vitu viende. Unaweza kunifundisha?"

Alikuja na mama yake, aliyeketi kwenye kona ya maabara akishona pindo la sketi kwa mkono. Kitinda alivuta kiti mpaka kikakwaruza, akataka kuanza mara moja. Nukta alimuuliza anataka kitu gani kiwemo kwenye gemu yake. Mtoto alifikiri sana.

"Mpira," alisema.

Basi wakaweka mpira. Nukta akamwonyesha namna ya kuupa uzito, mstari mmoja tu, na Kitinda akauandika mwenyewe kwa kidole kimoja, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo. Akabonyeza kitufe cha kuchezesha. Mpira ukaanguka, ukaanguka, ukatokomea chini ya skrini.

"He!" Kitinda aliinuka kitini, macho yamemtoka. "Umeenda wapi?"

"Bado unaanguka."

"Mpaka wapi?"

"Hauna mwisho. Hatujaweka sakafu."

Mtoto alimtazama, akaitazama skrini tupu, akamgeukia mama yake pale kwenye kona kuhakikisha kama naye amesikia maajabu hayo. Kisha akakaa tena, akavuta kibodi karibu.

"Sakafu inaandikwaje?" aliuliza.